Misuko ya Nyuma

Kijiwe chetu kiko Ruashi, pale lami inapokata tamaa na kuliacha vumbi jekundu liendelee na safari. Benchi lenyewe ni boriti moja la reli ya zamani, limelazwa juu ya matofali mbele ya ukuta wa fundi viatu. Anayetukusanya hapo ni Asani, mtu wa Maniema, na birika lake la kahawa ya tangawizi; vikombe vyake vinaogeshwa kwenye ndoo moja tangu alfajiri, na hakuna aliyewahi kulalamika kwa sauti. Upande wa kulia hukaa Ministre, ambaye mama yake alimwita Gérard, Mkasai aliyepiga mashine ya kuandika ofisini mpaka mashine zenyewe zikaisha. Tai bado anavaa, hata Jumamosi. Katikati hukaa Docteur, yaani Kangwa, ambaye udaktari wake wote umo ndani ya kisanduku cha vidonge anachozungusha sokoni. Mwisho wa benchi ni mimi, Elisée, mchomeleaji wa milango ya chuma. Wao wananiita Tresses, kwa sababu ya misuko yangu inayofika mabegani, na mtaani kwetu hakuna mwanaume mwingine wa umri wangu anayesuka. Siku zote nakaa nimeegemeza kisogo ukutani. Jumamosi hiyo fundi viatu alikuwa ameupaka ukuta wake rangi ya kijani, bado mbichi, basi tukalisogeza benchi mbele hadi karibu na njia.

Kosa langu lilikuwa kuwaambia habari ya kazi. Kuna watu wanaochomelea mabomba kule upande wa Kinsevere, kwenye mgodi wa shaba. Walikuwa wamenijaribu jana yake, wakaona mkono wangu ni mzuri. Kisha chef wao akanivisha casque, ile kofia ngumu ya kazini, ikakaa juu ya misuko kama kifuniko cha sufuria nyingine. Alicheka bila ubaya. Akasema Jumatatu asubuhi nije nimenyoa, la sivyo yuko mwingine anangoja getini.

— Bon, Tresses, akaanza Ministre, akirekebisha tai. Leo samedi. Kesho dimanche. Unanyoa saa ngapi?

— Sitanyoa, Vieux, nikamjibu, kama wote tunavyomwita mzee wetu.

— Unasema?

— Nimesema sitanyoa.

Ministre akaweka kikombe chini. Mtu akimwona Ministre anaweka kikombe chini kabla hakijaisha, ajue hotuba imefika.

— Muntu anakaa bila kazi tangu mavuno, Mungu anamufungulia mulango, yeye anasimama mu mulango sababu ya nywele! Nywele, Asani! Hata sungura iko na nywele!

— Alhamdulillahi, miye sina hata moja, akasema Asani, akavua kofia yake kutuonyesha upara unaong'aa.

— Mumuache, akasema Docteur. Muntu akikatala namna hii, iko sababu. Tutafute sababu kwanza.

Wakaanza kuitafuta. Sababu wanaitafuta tangu nilipohamia Ruashi, lakini sasa, kwa ajili ya Kinsevere, ilikuwa kazi ya haraka. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, mwisho wa benchi, wananijadili kama mbuzi ambaye bado hajauzwa.

Wewe unayesoma nitakuambia, kwa sababu wao sikuwa nimewaambia. Mke wangu Dorine alikuwa msusi kule Sakania, pembeni mwa reli. Hakuwa na kibao cha dukani. Kibao chake nilikuwa mimi. Kila Jumamosi alinisuka mtindo mpya, akaniketisha mbele ya mlango, na wanawake waliotoka kuvuka mpaka na magunia yao walisimama na kukinyooshea kidole kichwa changu: nataka kama ya huyu baba. Nililalamika kila Jumamosi, nikajifanya naona haya. Nilipenda sana. Dorine alikufa mvua zilizopita. Misuko ya mbele najisuka mwenyewe kwenye kioo, vibaya. Ile ya nyuma, minne ya kisogoni, ni ya mikono yake, na mimi sijaigusa. Nikinyoa, hakuna tena kazi ya Dorine itakayobaki duniani, kwa sababu wateja wake wote wamekwisha fumua na kusuka kwingine.

Ndugu zake walitaka kuninyoa siku ya kumaliza matanga. Kwetu mfiwa hajinyoi mwenyewe, wala haendi kwa kinyozi. Ananyolewa na mkono wa waliolia pamoja naye, ndipo anahesabiwa kwamba ametoka kwenye kilio. Wembe ulipofika zamu yangu, sikuwepo. Nilikuwa juu ya lori, nimefunga kichwa na kitambaa cha Dorine, naenda Lubumbashi. Hapa kijiweni waliponiuliza madame yuko wapi, nikajibu yuko Sakania. Kaburi lake liko huko kweli, lakini najua niliwadanganya.

Basi hivyo ndivyo ninavyoishi na nywele. Kulala, nafunga kisogo na kile kitambaa na kulalia ubavu. Kuoga, sabuni inaishia masikioni. Nyuma nagusisha tu mafuta kwa pamba, taratibu, bila vidole, nisije nikalegeza kitu. Njiani navaa jaketi lenye capuchon ya kufunika kichwa, hata jua likiwa kali. Benchini ndipo ninapoishusha, kwa sababu kuna ukuta. Nina upweke, nasema hivyo hivyo bila kupamba: nina marafiki watatu wa kila siku na hakuna hata mmoja anayejua jina la mke wangu.

— Nywele inakunywa damu, akatangaza Docteur. Muntu anakula bukari, anakula mboga, nguvu yote inapanda ku nywele. Chini hakubakie kitu. Angalieni miguu yake.

Wote watatu wakaiangalia miguu yangu.

— Mais banamuke beko na nywele murefu, na banabeba gunia kutoka mupaka, akasema Asani.

— Ya banamuke inakunywa maji. Haiko sawa.

— Docteur, uko unadanganya bantu mukubwa! Ministre akapaza sauti. Hii iko affaire ya politique. Nilikuwa ku bureau, ninajua. Muntu akifuga nywele, ni kusema amegoma. Tresses anangoja lami ifike mbele ya mulango yake, njo atanyoa.

— Basi atazikwa nayo, akasema Asani.

Tukacheka, hata mimi. Wakati huo akafika shemeji yake Asani, kijana aitwaye Djafari, aliyeingia jana yake kutoka Kindu kutafuta kazi ya kushona. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Nafasi kwenye benchi haikuwepo. Asani akampa kikombe, naye akapindua bidoni, dumu tupu la mafuta, nyuma yetu, katikati ya benchi na ule ukuta mbichi, akakaa kimya kama mgeni mwenye adabu. Mazoea ni mabaya. Nilikuwa nimekwisha vua capuchon, na sikukumbuka kwamba kisogo changu siku hiyo hakikuwa na ukuta.

— Miye naona ni madame yake, akasema Asani, akimwaga masimbi ya kahawa. Bibi eko Sakania, eko na commerce. Amemuambia: ukikata nywele, nitajua umepata mwingine.

— Bibi gani hafike hata Noël? Ministre akauliza.

— Commerce ya mupaka unaijua, Vieux? Leo unga, kesho mafuta, kesho kutwa gari imeharibika. Anaweza kukawia.

— Kukawia namna hii? Hata simu yake hatuyaisikia. Tresses, madame anarudia lini?

— Sijue, nikasema.

— Hajue! Ministre akawageukia wenzake. Bibi yake mwenyewe, hajue!

Nikakitazama kikombe changu. Ilikuwa imebaki kahawa ya kulowesha ulimi tu, nikajifanya nakunywa kwa muda mrefu.

— Mweye bote hamujue kitu, akasema Docteur kwa sauti ya chini, na tukajua kwamba sasa inakuja ile kubwa. Huyu hana bibi Sakania. Huyu ameoa mamba muntu.

Asani akaacha kuosha vikombe. Mamba muntu, yule mwanamke wa majini, nusu mtu nusu samaki, mjini kwetu ametundikwa kwenye sebule nyingi, amechorwa na nywele zake zinazofika kiunoni. Hata asiyemwamini hamtukani.

— Sikieni muzuri, Docteur akaendelea. Mamba muntu anatoka ku maji, anakaa ku jiwe, anachana nywele. Unywele moja inabakia pale. Muntu anapita, anaiokota. Usiku mwanamuke anamukuyia mu ndoto: nirudishie nywele yangu, nitakupa mali. Mujinga anarudisha mbio. Mujanja anaificha kwanza, bei ipande. Sasa ataificha wapi? Mu nyumba, bezi batakuta. Mu mufuko, itaanguka. Anaisuka mu nywele yake mwenyewe!

— Na mali iko wapi? Ministre akauliza. Hii viatu yake njo mali?

— Mali inangoja! Lundi anaenda Kinsevere. Shaba yote iko kule, munaona sasa? Njo maana hanyoe. Akikata tu, mwanamuke anachukua yake, anaingia ku maji, mambo imekwisha. Hatamuona tena.

Asani akaniinamia, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo sijawahi kuipata pale kijiweni.

— Tresses. Anakuyaka kweli usiku, mu ndoto?

Nilitaka kucheka. Tangu mvua zilizopita nalala mapema ili nimwote Dorine, nikiwa na kitambaa chake kichwani, nikilalia ubavu kama mgonjwa. Nimeota reli, nimeota milango isiyofungwa, nimeota hata mjomba wangu ambaye hatukupendana.

— Hapana, nikasema. Hakuye.

Hapo ndipo mgeni aliposema neno lake la kwanza tangu akae.

— Samahani, yaya, akasema Djafari nyuma yangu, kama kijana anavyomwita kaka yake mkubwa. Ile misuko ya mbele inaonekana unajisukaka mwenyewe. Hii ya huku nyuma ni ya mukono ingine. Ni nani alikusuka?

Mkono wangu ukaenda kwenye capuchon, nikachelewa. Docteur alikuwa amesimama tayari, akazunguka. Ministre akamfuata, tai ikining'inia, na Asani na kitambaa chake cha kufutia vikombe. Wote wakasimama nyuma yangu. Siku zote tulizokaa pamoja walikuwa wamenijadili kutoka mbele.

— Ni nani? Djafari akarudia, sasa akiwauliza wao.

Docteur akainama kuitazama. Yule mwanamke wake wa majini alikuwa ameondoka bila kuaga. Asani akamtazama Ministre, kwa sababu Ministre ndiye anayejua kila kitu.

— Itakuwa madame, akasema Ministre polepole. Mais madame eko Sakania... Na huyu, tangu afike hapa, hajatoka hata siku moja...

Niliisikia akili yake ikifika mwisho wa njia na kusimama.

— Alikufa, nikasema.

Nilikuwa sijalisema neno hilo Ruashi. Lilitoka dogo tu, na pikipiki iliyopita nusura ilifunike.

— Jina yake ni Dorine. Alikuwa anaanziaka nyuma, sikuzote, anasema mbele iko rahisi. Samedi ile akasuka ine, kichwa ikaanza kumuuma. Akaniambia: nenda ulale, ya mbele nitamalizia kesho. Kesho yake hakusimama. Hakusimama tena.

— Innaa lillahi, akasema Asani, akakaa kwenye kona ya benchi na kitambaa chake mkononi.

— Na bandugu yake? Ministre akauliza. Balikunyoa?

— Nilikimbia wembe.

— Basi uko mu kilio mupaka leo.

— Mupaka leo.

— Na siye tuko tunakunywa naye kahawa, akasema Ministre, akiwaambia wenzake, na sauti yake haikuwa ya hotuba. Tuko tunacheka miguu yake.

Kusema kweli sikuwa nawawazia. Kulikuwa na jambo moja nililotaka kulijua tangu nifike mji huu, na sikuwahi kuwa na mtu wa kumwuliza. Kioo changu ni kimoja, nacho kinaonyesha mbele tu.

— Djafari, nikasema. Miye sizione. Iko namna gani?

— Niseme ukweli, yaya?

— Sema.

— Imeshuka. Imetoka mbali na ngozi, nywele mupya imeota juu yake. Lakini ni kazi muzuri. Alikuwa anajua. Iko tatu.

— Iko ine.

Nilimsikia Djafari akivuta bidoni karibu.

— Tatu, yaya. Ya ine imefumuka. Imebakia nywele tu.

Sijui msuko ule ulifumuka usiku gani. Labda ni ule wa baridi niliogeuka bila kujua, labda ni mwezi mzima uliopita. Nilikuwa naulinda kwa kitambaa, naulinda kwa kulalia ubavu, nakataa nao kazi, na haukuwepo. Nililia pale pale benchini, mchana, watu wa sokoni wakipita na mabeseni yao. Nililia vibaya, na makamasi, jinsi nilivyotakiwa kulia kule Sakania.

— Tunaweza kuirudisha, Docteur akasema ghafla. Nywele si iko? Tunaisuka tena.

— Nani anajua kusuka? Asani akauliza.

— Iko sehemu tatu tu. Unapitisha hii juu ya hii.

Akafuta mikono yake kwenye suruali, akashika. Vidole vyake vimezoea kung'oa vidonge kwenye karatasi, na alinivuta hivyo hivyo.

— Unamuumiza! Unapitisha chini, si juu.

— Juu, Asani. Niliona dada yangu.

— Dada yako eko na nywele fupi.

— Ondokeni, akasema Ministre. Miye nilikuwa dactylo, mupiga mashine. Miye niko na vidole.

Alijaribu vidole vyote kumi. Aliomba Asani ashike upande mmoja, na Docteur asipumue. Nilisikia pumzi yake ya tangawizi shingoni na tai yake ikinigusa mgongo. Walipomaliza, hakuna aliyesifu.

— Imekuwa namna gani? nikauliza.

— Fundo, akakiri Docteur. Inafanana na kamba ya mbuzi.

— Tuifumue, akasema Ministre. Polepole, musiguse ile tatu. Ile ni ya mama Dorine.

Hivyo alisema: mama Dorine. Wakaifumua, na kichwa changu kiliuma kuliko vidole vyao. Kisha hawakujua wafanye nini tena. Docteur akarudi kukaa. Djafari akaangalia chini. Ministre alibaki amesimama, mkono wake umekaa kisogoni kwangu, juu ya nywele zilizofumuka, kwa sababu hakuwa amepata pa kuupeleka.

Nilikuwa nimesahau kwamba mkono wa mtu una uzito. Una joto pia. Tangu Dorine, kichwa changu kilikuwa hakijashikwa na mtu yeyote.

— Docteur, nikasema. Mu kisanduku uko na wembe mupya?

— Iko.

— Kesho, misa ikiisha, mutaninyoa. Mweye, hapa hapa. Sitaki kinyozi.

— Haiko kazi yetu, Tresses, akasema Ministre juu ya kichwa changu. Ni kazi ya bale balimulilia. Siye hata sura yake hatukuijua.

— Kesho nitawaambia vile alikuwa. Nitaanzia asubuhi. Nikimaliza, munyoe.

Hakuna aliyebisha, na hao ni watu wanaobishana hata kuhusu siku ya juma. Asani akainua birika, akaliinamisha juu ya kikombe changu. Likatoa masimbi kidogo, basi.

— Kahawa imekwisha, akasema, lakini hakuanza kukusanya vikombe.

Njiani watu walikuwa wanatutazama: mzee wa tai amemshika kichwa mwanaume mwenye misuko, na yule mwanaume uso umelowa. Ministre aliwaona. Nilisikia vidole vyake vikianza kuinuka, kimoja kimoja.

— Vieux, nikamwambia. Acha mukono hapo kidogo.